Jani la Isale kwenye Basi la Ribe

Hapo zamani, si zile za fisi kuongea na sungura, ni hizi zetu za pasipoti na ndege, alikuwapo mama mmoja wa Machame, jina lake Aikande, aliyemkasirikia mwanawe mpaka mwana akafa. Eliamani alikwenda Denmark kusoma, akaoa hukohuko bila kuaga. Akapiga simu, mama hapokei. Akatuma salamu, mama hajibu. Kisha habari zikaja kwamba Eliamani ameugua, amekufa, amezikwa kwenye mji mkongwe wa huko uitwao Ribe. Hapo ndipo hasira ilipomwisha. Sasa hasira ikiisha baada ya maziko, radhi unampelekea nani?

Sikilizeni mambo ya kule. Kule basi hukodiwa kwa saa, na kaburi hukodiwa kwa miaka. Miaka ya Eliamani ilikuwa inakwisha, na mjane wake, aliyekwisha kuolewa kwingine, hakutaka kuiongeza. Jiwe lingeondolewa, pangepandwa nyasi. Aikande akafunga safari hadi mji wa Odense, kwa Manka, binti wa dada yake. Mkobani alikuwa na jani moja la isale, amelifunga kwa kitambaa kibichi. Mchaga akikuletea isale anakuomba radhi, na ukiletewa huwezi kukataa. Hata maiti, alijiambia Aikande, hatakataa.

Bahati ikaja, au ilijifanya bahati. Reli ya kwenda Ribe ilikuwa imefungwa kwa matengenezo, lakini chama cha Watanzania wa Odense kilikuwa kimekodi basi kwenda kuutembelea mji huo na kurudi siku hiyohiyo. Alfajiri ya kesho yake Aikande alikuwa na ndege ya kurudi nyumbani, na kibali chake cha kukaa huko kinakwisha. Ilikuwa siku hiyo au asahau. Mwenyekiti wa chama, Josefati, akamwahidi kwamba kaburini atafika, tena chama chake hakimwachi mtu: twaenda pamoja, twarudi pamoja.

Asubuhi watu wakajaa ndani ya basi na vyakula vyao. Manka hayupo. Alikuwa kazini kwenye nyumba ya wazee, na bibi mmoja aliyekuwa akimtunza alikuwa anakata roho, hana mtoto wala ndugu wa kumshika mkono. Josefati akataka kuondoka. Aliyekataa ni Aikande, maana aliogopa kusimama mbele ya kaburi lile peke yake.

"Mwanangu, bila Manka sina miguu," akasema. "Tumngoje."

Wakamngoja. Ati haraka haraka haina baraka. Ati ngoja ngoja huumiza matumbo. Wazee wetu nao, walitaka tufuate lipi?

Manka akafika, macho mekundu, basi likang'oa nanga. Lakini dereva, Mdenmark mmoja mpole aitwaye Jens, saa zake za kazi zilikuwa zikihesabiwa tangu aliporipoti pale, hata alipokuwa amekaa tu anangoja. Ndiyo sheria yao, na saa hizo zikiisha haruhusiwi kushika usukani.

Ribe ni vichochoro vya mawe na nyumba zilizopinda kwa uzee, basi kubwa haliingii. Wakashuka nje ya mji. Aikande akataka kwenda makaburini moja kwa moja. Josefati akamsihi avumilie kidogo: mtembezaji wa wageni anawasubiri kanisani na hatawangoja, kisha watakwenda kaburini wote, wamwimbie marehemu. Maneno matamu, na mgeni hana amri. Wakaonyeshwa kanisa. Wakaonyeshwa mnara. Wakaonyeshwa nguzo yenye alama za mafuriko ya kale. Mama hakuona kitu, alikuwa ameukumbatia mkoba wake.

Walipotoka, wakashika njia. Magoti ya mama yalikuwa mabovu, Manka anamkokota. Wakauona ukuta wa makaburi. Wakaliona lango. Hapo simu ya Josefati ikalia: Jens anawataka wageuke sasa hivi.

Josefati akabembeleza. Manka akaichukua simu, akabembeleza kwa Kidenishi. Jens akajibu polepole, "Nikipitisha saa, nitaendesha nimechoka, na nabeba watu na watoto wao. Siwezi kuwahatarisha walio hai kwa ajili ya aliyekufa."

Manka akataka kukimbia na lile jani hadi kaburini. Aikande akamzuia. "Jani hili hulishika mwenye kosa," akasema. Akalitazama lango, akageuka.

Kurudi hakuna aliyeimba. Aikande akalifungua jani, akaliweka kwenye kiti kitupu cha mbele. Akasema mwenye kosa la leo alichukue.

Josefati akasema yeye alikuwa na watu wengi wa kuongoza, na kungoja alingoja kwa ombi la mama mwenyewe. Jens, alipoelezwa maana ya jani, akasema amewarudisha wote wazima. Manka alikuwa analia.

"Mama, ningemwacha yule bibi afe peke yake, kama alivyokufa Eliamani bila mama yake?"

Aikande akazitazama taa za Odense zikitokeza mbele. Kisha akasema, "Simu ililia nyumbani kwangu miaka yote ile. Niliisikia."

Lakini hata yeye hakunyoosha mkono. Jani likabaki pale kitini, limeanza kunyauka ncha, na kila mmoja akilitazama.

Haya, nyinyi mnaojua kuhukumu mkiwa mmeshiba. Jani ni moja. Je, nani alistahili kuliinua, na akishaliinua, ampe nani?