Mtaka la Moyoni Avute Kiti

Mtaka la moyoni avute kiti. Mmemsikia mama muuza vitumbua akimwambia hivyo karani wa kata, mkacheka, na sasa mnataka kujua ni kiti gani hicho. Vizuri kuuliza. Wengi huitumia methali hii wakidhani imetoka kwa wahenga waliokufa zamani, kumbe umri wake haujafikia hata wa wadogo zenu. Ilizaliwa hapahapa Ikolwe, ndani ya maktaba, na chanzo chake ni kosa la mwanamke mwema.

Mwanamke huyo aliitwa Subilaga Mwakatobe, mkutubi. Alikuwa ameitumikia maktaba ile miaka ishirini na miwili, na kitu alichojivunia kuliko vitabu vyenyewe kilikuwa kimya. Ukiingia mle ulisikia kurasa zikifunuliwa na mvua ikigonga bati, basi. Aliyekohoa mara mbili aliangaliwa. Aliyekohoa mara ya tatu alitoka mwenyewe kwenda kumalizia kikohozi chake barazani, na akirudi aliomba radhi.

Mwaka methali hii ilipozaliwa, bima ya afya ya kaya ilifika wilayani. Kila kaya ilitakiwa kujaza fomu moja, majina ya wote wanaoishi humo yaandikwe, na kila mmoja apigwe picha ya kadi. Fomu zilikuwa za kwenye kompyuta, tena zimejaa maneno ya kiofisi, watu wakazikimbia. Ofisi ya wilaya ikaona kwamba maktaba ina kompyuta, ina meza, na ina mtu asiyeogopa maneno magumu. Subilaga akaongezewa kazi hiyo juu ya kazi yake, wala hakunung'unika. Alikuwa amemzika dada yake, aliyelala nyumbani na homa wiki nzima akiogopa gharama za hospitali, kwa hiyo aliijua thamani ya bima kuliko hao waliomtuma.

Basi akafanya kazi kwa kasi. Yeye alisimama nyuma ya kaunta, mwombaji akasimama mbele, maswali yakafuatana huku vidole vikikimbia kwenye kibodi. Jina? Mke? Watoto wangapi? Kuna mwenye ugonjwa wa muda mrefu? Hakupaza sauti, tusimsingizie. Lakini mahali palipo kimya kiasi kile, hata sauti ya chini hufika ukutani. Wasomaji waliinamisha vichwa kwenye magazeti, masikio yao yakiwa kaunta. Subilaga hakuliona hilo. Aliona foleni inapungua, akafurahi.

Jumatatu ya wiki ya mwisho akaja Mzee Ambakisye, fundi viatu wa sokoni, mtu wa maneno machache.

"Shikamoo, baba," Subilaga alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa ile ya bima."

"Karibu sana. Nyumbani mko wangapi?"

Mzee akatupa jicho nyuma. Kwenye meza ya magazeti walikuwapo watu watano, wawili kati yao majirani zake wa ukuta kwa ukuta.

"Mimi, mama yao, na wajukuu wawili."

"Kuna mwingine?"

Jibu lilichelewa kidogo. "Hakuna."

"Kuna mwenye ugonjwa wa muda mrefu?"

"Hakuna, mwanangu. Wazima wote."

Fomu ikajaa kwa dakika sita. Subilaga akamkumbusha awatume na wenzake waje kupigwa picha, na kwamba uandikishaji utafungwa Ijumaa saa sita mchana, na jina ambalo halimo litasubiri mwaka mzima. Mzee akashukuru akaondoka.

Jumanne akarudi. Hakwenda kaunta, alijikalia pembeni, karibu na rafu ya vitabu vya afya, akasoma mpaka adhuhuri. Jumatano vilevile.

Sasa, maktaba zina desturi moja. Msomaji akimaliza kusoma harudishi kitabu rafuni, asije akakiweka pasipo pake. Hukiacha mezani, na mkutubi ndiye hukirudisha. Kwa hiyo mkutubi, atake asitake, hujua nani anasoma nini. Jumanne Subilaga alikuta mezani kwa mzee kijitabu kinachoeleza kifafa. Akakirudisha bila kufikiri. Jumatano akakikuta kilekile, kimeachwa wazi kwenye ukurasa unaosema kwamba kifafa kina dawa, na mgonjwa anayezitumia bila kukatiza aweza kusoma, kufanya kazi na kuishi na wenzake. Safari hii alisimama nacho mkononi, akalikumbuka lile jibu lililochelewa. Katika nyumba ya mzee kulikuwa na mgonjwa, na jina lake halikuwamo kwenye fomu.

Alhamisi akafanya kosa la pili, maana mwenye haraka hakosei mara moja akatosheka. Mzee alipoingia tu, alimwita kutoka kaunta, kwa nia njema kabisa:

"Baba! Ile fomu yako, hakuna mtu uliyemsahau nyumbani?"

Vichwa vyote vikainuka. Mzee akasimama katikati ya chumba, kofia mkononi.

"Nimekwisha kusema, mama. Wazima wote."

Akageuka, akatoka, na mvua inanyesha.

Ndipo Subilaga alipoisikia maktaba yake kwa mara ya kwanza. Hakuna aliyekuwa akifunua ukurasa. Aliona haya, ile haya inayochoma masikio. Miaka yote ile aliwafundisha watu kunyamaza, na leo kimya chao ndicho kilichomziba mzee mdomo. Akaogopa pia. Kesho saa sita fomu zingefungwa, na mtu asiyemjua angekaa mwaka mwingine bila dawa kwa sababu ya maswali yake ya kaunta. Akamwachia mwenzake kazi, akachukua mwavuli, akaenda sokoni.

Alimkuta mzee peke yake kibandani, kiatu magotini. Mvua ilikuwa imewafukuza wateja. Mbele ya meza yake kulikuwa na kiti cha wateja, kinachomtazama fundi uso kwa uso. Subilaga hakukikalia pale kilipokuwa. Alikivuta, akakizungusha meza, akaketi ubavuni kwa mzee, wote wawili wakiitazama mvua.

"Baba, nimekukosea," akasema. "Nimekuuliza mambo ya nyumba yako mbele za watu. Naomba unisamehe."

Mzee akaendelea kushona. Subilaga hakuongeza swali. Ilikuwa kazi ngumu kwake, maana ulimi wake ulikwisha kuzoea kuuliza. Sindano ikaingia ikatoka, ikaingia ikatoka, mpaka uzi ukaisha.

"Anaitwa Tusekile," mzee akasema. "Binti yangu wa mwisho. Ana miaka kumi na sita. Anaanguka."

"Pole, baba."

"Tangu akiwa na tisa. Wengine walisema tumerogwa, wengine wakasema sisi ndio wachawi. Mama yake akaona afadhali akae ndani. Watu wanajua yupo. Wakiuliza wakipita mlangoni, sisi husema hajambo, basi." Akakiweka kiatu chini. "Bima hii niliifuata kwa ajili yake, mwanangu. Sisi wengine tu wazima kweli. Nilifika pale, ukaniuliza, nikamkana mtoto wangu. Leo ukaniuliza tena, nikamkana tena. Nikaona nitoke kabla ya mara ya tatu."

Subilaga akalia, wala hakujificha. Alipomaliza kufuta machozi alisema, "Jina tutaliongeza. Ila lazima apigwe picha. Mje kesho mapema, nitafungua mlango wa nyuma, hakuna atakayewaona."

Mzee alifikiri. "Nitamwuliza mwenyewe," akasema.

Ijumaa Subilaga aliweka viti viwili nyuma ya rafu za mwisho, mbali na meza ya magazeti, akafungua mlango wa nyuma, akangoja. Saa nne hawajafika. Saa tano hawajafika. Akawa hawezi hata kupanga vitabu. Ilipofika saa tano na nusu mlango ukalia, lakini ulikuwa mlango wa mbele. Aliingia Mzee Ambakisye, na mkewe, na katikati yao msichana mrefu aliyevaa gauni la kanisani. Mlango wa nyuma, binti alikuwa ameukataa mwenyewe.

Vichwa vikainuka kwenye meza ya magazeti. Subilaga akatoka nyuma ya kaunta. Akavileta viti vyake viwili hadi pale walipo, akamkalisha binti kwenye kimoja, akakivuta cha pili karibu naye mpaka magoti yao yakakaribia kugusana, akainama na kumwuliza kwa sauti ya chini sana:

"Jina lako nani, mwanangu?"

Tusekile hakuwahi kuingia maktaba, na hakuna aliyemwambia kwamba humo watu hunong'ona.

"Tusekile Ambakisye!" akajibu, kwa sauti ya mtu anayeitikia kutoka ng'ambo ya mto.

Jina lilifika ukutani, likafika kwa majirani, likafika barazani. Mama yake akajishika kifua. Subilaga, aliyewahi kuwatoa watu nje kwa kikohozi, hakuinua kidole mdomoni. Aliandika jina lile herufi kwa herufi, kisha akauliza tena, na sasa kwa sauti kubwa kama ya binti:

"Na umri wako?"

Baadaye majirani walimlaumu Mzee Ambakisye pale sokoni. Walimwuliza imekuwaje wao wanaokaa naye ukuta kwa ukuta awafiche ukweli wa binti yake miaka saba, halafu ampe mama wa maktaba katika siku moja. Mzee hakuwagombeza, wala hakuinua macho kutoka kwenye kiatu chake.

"Ninyi mliuliza mkiwa mmesimama," akawajibu. "Mtaka la moyoni avute kiti."