Sijda Ndefu ya Sheikh Zubeiri

Imetufikia kutoka kwa wazee wetu waliotutangulia kwamba katika mji mmoja wa milimani, huko Yemeni, aliishi mja mwema akiitwa Sheikh Zubeiri, Allah amrehemu. Alikuwa imamu wa msikiti wa mji ule kwa miaka ishirini na tatu. Alikuwa mtu wa elimu na upole, ila alipenda mafuta ya kondoo kupita kiasi. Mkewe, Bi Umeira, alimkanya kila siku, naye kila siku akajibu inshallah.

Sasa baridi ya milimani nyinyi mnaisikia tu, hamuijui. Sakafu ya msikiti ule ilikuwa ya mawe, na mwili wa Sheikh ulikuwa mzito. Magoti yakaanza kumuuma, kisha yakavimba, ikawa asubuhi hayakunjiki mpaka jua lipande. Msicheke, ndugu zangu, na yenu yako njiani.

Bi Umeira alikuwa binti wa mkandaji, na kazi ya mama yake aliijua. Alimchemshia maji ya chumvi, akachovya kitambaa na kumfunga goti likiwa bado na joto, kisha akalikanda taratibu kwa mafuta ya ufuta yaliyotiwa tangawizi. Akamwambia apunguze kula, na kila asubuhi atembee kidogo, hata kama mguu unalalamika, kwani kiungo kisichotembezwa huganda. Na la mwisho, akamwambia aswali ameketi mpaka uvimbe ushuke.

Sheikh aliyakubali yote isipokuwa hilo la mwisho.

"Nitaketije, Umeira, na nyuma yangu wamesimama watu mia?"

"Ewe mume wangu, aliyekupa ruhusa ya kuketi ndiye unayemswalia," akamjibu. "Au unawaswalia hao mia?"

Sheikh akatazama chini. Mke akishasema neno kama hilo, mwanamume hana pengine pa kutazama.

Alipita pia tabibu msafiri, akataka kulipasua goti atoe maji. Bi Umeira akamwambia, "Mtu ambaye hajajaribu kupumzika hakatwi," akamkaribisha chakula, akamuaga. Lakini ukandaji wake haukufaa kitu, maana aliyoyatengeneza yeye mumewe aliyabomoa juu ya mawe mara tano kwa siku.

Basi sikilizeni lililotokea. Kila Sheikh aliposujudu, kuinuka kulimshinda. Alibaki pale chini akisubiri mguu umwitikie, na maumivu yakizidi alinong'ona, "Ya Rabbi, ya Rabbi." Maamuma nyuma yake hawawezi kuinuka kabla ya imamu, kwa hiyo nao walibaki chini, wakisikia mnong'ono ule, na nyoyo zao zikatetemeka. Wakasema, mtazameni Sheikh wetu alivyozama katika sijda! Sifa ikaenea mpaka vijiji vya bondeni, na watu wakapanda mlima waje kuswali nyuma yake. Sheikh alizisikia sifa zile, akaona haya, akanyamaza. Kila siku alisema kesho nitawaambia. Sifa ni tamu, jamani, hata kwa mtu mwema.

Katika maamuma wake alikuwamo mzee mmoja, Ghalibu, msuka kamba za visima. Kwa miaka yote alikuwa safu ya kwanza. Ghafla akatoweka, na mwezi ukapita asionekane. Sheikh akachukua fimbo yake, akaenda kumzuru. Akamkuta ameketi mlangoni, miguu ameinyoosha, amejifunika blanketi.

"Ndugu yangu Ghalibu, tumekukosa."

"Sheikh wangu, usinihesabu tena katika watu wa msikiti."

"Kwa nini?"

Mzee akalivuta blanketi juu ya magoti yake. Kisha akasema, "Wewe ukirefusha sijda, najua umezama kwa Mola wako. Mimi niko nyuma yako, uso uko chini, na ninachowaza ni magoti tu. Nasema moyoni, huyu atainuka lini? Mtu wa umri wangu, kaburi linaniita, sina la kumwambia Mola wangu ila magoti yananiuma. Nimejua imani imenitoka. Naona haya kusimama na waja wema."

Hapo ndipo Sheikh Zubeiri alipotiwa mtihanini. Maneno ya kuliwaza alikuwa nayo tele. Angeweza kumsomea habari za subira, akampa mkono, akarudi kwake na jina lake zima. Na mzee yule angebaki pale mlangoni, akingoja mauti huku ameamini kwamba Mola wake hamtaki. Sheikh akamtazama, machozi yakamtoka.

"Ghalibu, na mimi nilikuwa nawaza magoti."

"Usinifariji, Sheikh wangu."

"Wallahi sikufariji. Shika hapa." Akauchukua mkono wa mzee, akauweka juu ya goti lake. Ghalibu akapapasa, akabonyeza, akalijua.

"Limejaa kama langu," akasema. "Na ile Ya Rabbi yako?"

"Nilikuwa naomba niinuke tu."

Mzee akacheka, kisha akalia. "Kumbe tulikuwa tukiomba jambo moja," akasema, na wote wawili wakalia kama watoto.

Siku ile ile, baada ya alasiri, Sheikh aliwageukia watu. Akasema, "Ndugu zangu, sijda yangu ndefu si ya unyenyekevu. Ni magoti. Mlinisifu kwa nisichokuwa nacho nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kulikuwa uongo. Nisameheni. Kuanzia magharibi mwadhini atawaswalisha, nami nitaketi."

Baadhi ya wageni wa bondeni waliondoka wakinung'unika, na hawakurudi. Lakini kesho yake Ghalibu aliletwa na binti yake, akaketi karibu na Sheikh. Kesho kutwa yake wakaja wazee wengine watatu ambao hakuna aliyejua kwa nini waliacha kuja. Bi Umeira akawafundisha wake zao na binti zao kukanda, na kila asubuhi, jua likishapanda, wazee wale walitembea pamoja mpaka kisimani na kurudi, pole pole, wakitaniana. Mafuta ya kondoo nayo Sheikh akayapunguza, japo kwa manung'uniko. Uvimbe ukashuka. Maumivu hayakuisha yote, lakini yakawa ya kuishi nayo.

Ghalibu alifariki mwaka ule ule, kabla ya mavuno, na hakuwa amekosa swala ya jamaa hata moja tangu siku ile. Walipokwisha kumzika, Sheikh Zubeiri alibaki kaburini akiegemea fimbo. Watu walimsikia akisema, "Ewe Mola, nilikawia kusema. Kidogo tu aondoke hali anadhani humpendi, kwa sababu yangu."

Ndugu yangu, ugonjwa wa kiungo una joto lake, mafuta yake na subira yake, nawe utafute tiba wala usione haya kuketi pale ulipopewa ruhusa ya kuketi. Lakini ujiangalie na hili pia. Huenda yuko mtu amekata tamaa na nafsi yake akitazama wema anaodhani unao. Nenda kamwambie, angali hai.