Mama Mtoa Maoni na Kitabu Kisicho na Jalada

Baba Mchungaji, nakusalimu, lakini sijafurahi. Mtu anakuja kwangu asubuhi, nina kuku mkononi namtoa utitiri, ananiambia, "Bibi, leo tunazindua kabati la vitabu vya watoto, tupe mfano mfupi." Mfano wa vitabu! Mimi niliyeishia darasa la pili, na hilo la pili lenyewe nusu yake nilikuwa nachunga ndama. Walimu wamekaa benchi la mbele pale, mmoja ana miwani miwili, ya kusomea na ya kutazamia watu. Hao hawakuombwa. Kaombwa bibi. Haya. Mkisinzia nitawaita kwa majina, na majina yenu yote nayajua, hata yale ya utotoni mliyoyakimbia.

Kulikuwa na mama mmoja, mzee wa kanisa. Msiniulize wa usharika gani. Mkianza kutafutana kwa macho nakaa chini.

Kanisani kwao walikuwa na utaratibu. Kitabu hakiingii kwenye sanduku la watoto mpaka mzazi mmoja akisome kwanza, halafu Jumapili, baada ya matangazo, asimame aseme kinafaa au hakifai. Kazi hiyo wakampa huyu mama. Kwa nini yeye? Alikuwa na sauti. Sisi Wakristo mtu akiwa na sauti tunadhani na maneno anayo.

Basi anasimama, kitenge kimepigwa pasi, anakiinua kitabu juu kama anauza samaki. "Hiki kinafaa. Ukurasa wa kwanza tu wanaomba." Watu wanasema amina. "Hiki hakifai. Wanyama wanaongea. Wanyama hawaongei, ni uongo, na uongo ni dhambi." Amina tena. Kuna siku mtoto mmoja akanyoosha mkono: "Mama, na yule punda tuliyefundishwa Sunday school, aliyemsemesha bwana wake njiani?" Mama akamwambia, "Yule aliongea mara moja tu, tena kwa ruhusa. Kaa chini."

Mnacheka. Ngojeni.

Siku moja vikaja vitabu viwili kwa pamoja. Cha kwanza kipya, kinanukia duka, kina picha ya njiwa mweupe juu. Cha pili kikuukuu, hakina jalada, hadithi ya zamani ya watu wa ng'ambo iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Mama akaanza na cha njiwa, kama ambavyo wewe na mimi tungeanza. Mle ndani kuna binti ambaye akipiga magoti, kabla hajainuka jambo limekwisha. Baba yake mlevi anaacha ulanzi. Mbuzi anazaa mapacha. Mwalimu mkali anahamishwa. Kila mstari Mungu katajwa. Mama alisoma mpaka kwenye yule mbuzi, akalala. Kesho yake akaanzia kwenye mbuzi, akalala. Akasema moyoni, nimechoka na shamba, kitabu ni kizuri.

Akafungua kile kikuukuu, ili akione kilivyo kibaya akiondoe haraka. Mle kuna mzee mmoja mwenye kinu cha kusagia ngano. Siku aliyomzika mkewe aligombana na binti yake, akamfukuza, akaapa hatamfungulia tena. Kila mwaka mvua zikianza yule binti anarudi, anabisha. Na mzee yuko ndani, nyuma ya mlango, kashika komeo kwa mkono, hafungui, wala hatoki pale aende akalale. Anasimama na komeo lake mpaka nyayo za mtoto zipotee.

Huyu mama alimjua yule mzee. Hakuwahi kumwona mtu wa ng'ambo maishani, lakini yule alimjua. Kile kiburi kilikuwa chake yeye. Akakisoma jikoni, akakisoma nyuma ya banda la ng'ombe, akalia kamasi zikamtoka. Mumewe akaja mlangoni.

"Mama, maharage yanaungua."

"Yaache yaungue. Baba, nikuulize. Mungu anaweza kuwa ndani ya kitabu ambacho jina lake halimo?"

"Mimi nimekuja kuuliza chakula."

"Hiki cha njiwa kinamtaja kila mstari, kinanilaza. Hiki kingine hakimtaji hata mara moja, kinanifanya nitake kwenda kuomba msamaha kwa watu. Sasa niko upande gani mimi?"

"Kama kinakuchanganya, kirudishe."

"Siwezi kukirudisha. Sijajua kama mzee alifungua."

Mume akapakua yale maharage yaliyoungua akala. Mwanamume mwenye busara.

Jumapili ikafika. Mama akasimama baada ya matangazo. Alikuwa amepanga kusema nini? Hata mwenyewe hajui. Alitazama benchi la wazee wa kanisa, akatazama kinamama, wote wamekwisha kuinua videvu wanasubiri kusema amina. Mdomo ukaenda wenyewe. "Hiki cha njiwa kinafaa sana, kimenijenga. Hiki kisicho na jalada hakifai, kinafundisha watoto kubishana na baba zao. Mzazi akikikuta nyumbani kwake akichome." Amina ilitikisa mabati.

Akarudi nyumbani, akakitoa kwenye kikapu, akaendelea alipoishia.

Zilikuwa zimebaki kurasa chache sana. Asubuhi moja anasoma sebuleni, anasikia hodi. Jumuiya, wale wa ibada za nyumba kwa nyumba! Alisahau kwamba zamu ya juma lile ni kwake. Akakisukuma kitabu kwenye kochi, chini ya kile kitambaa cha kufuma, mnavijua vitambaa vyetu, akafungua mlango anatabasamu. Wakaingia. Mke wa mwinjilisti, mwanamke mwenye mwili, akapewa kochi kwa heshima. Akakaa. Akajisogeza. Akajisogeza tena.

"Mama, kochi lako lina mfupa."

Akaingiza mkono chini ya kitambaa. Akakitoa. Akakigeuza huku na huku, hakina jalada mbele, hakina nyuma.

"Hiki si kile ulichotuambia tukichome?"

Hapo mlangoni alikuwa amesimama binti wa yule mama, ameshika birika la chai. Mtoto wa kipaimara. Majuma machache tu yamebaki abarikiwe, gauni jeupe limeshashonwa linaning'inia chumbani. Mama yake alitazama kitabu, akatazama watu. Halafu akanyoosha kidole.

"Ni huyu. Nimempigia kelele mpaka nimechoka."

Jamani, hakupanga. Niambieni ukweli, nani kati yetu hupanga? Kidole kinatoka chenyewe, na kikishatoka hakirudi.

Binti alimtazama mama yake kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake. Aliweka birika mezani taratibu lisimwagike. Mke wa mwinjilisti akasema, "Basi, mama, kwa kuwa wewe ndiye uliyetuongoza, kitie motoni mwenyewe tukushuhudie." Wakaenda naye jikoni wote. Akakitia. Wanasema alikodoa macho pale motoni kama mtu anayejaribu kuwahi kusoma.

Wazee wa kanisa wakakaa. Wakasema huyu binti hayuko tayari, jina lake litoke kwenye kipaimara cha mwaka huu, wenzake watangulie. Mama alikuwa kwenye kikao hicho hicho. Wakauliza nani ana neno. Hakuwa na neno. Mwenye sauti!

Siku zikapita, wako shambani wawili wanachimba viazi. Mama moyo unamsumbua, sasa anatafuta mahali pa kuupumzisha. Akawaza hivi: huyu mtoto naye ni msomaji, anapenda kufunua vitu vyangu. Bila shaka naye alikisoma kwa kificho. Kama alikisoma, basi sikumsingizia sana, tumegawana. Tena ataniambia kilivyoisha.

"Mwanangu."

"Abee, mama."

"Kile kitabu. Sikukasirikii. Ulikisoma mpaka mwisho, siyo?"

"Sijakisoma, mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Ulisema kanisani hakifai, nikaamini. Nilikuwa nakuona unakilia nyuma ya banda, nikasema lazima hicho kitabu ni kibaya sana, kama kinamliza mama."

Mama akashika jembe.

"Sasa pale mbele ya watu mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Wewe ndiye mtoa maoni."

Wakachimba kidogo. Binti akainua uso.

"Mama, na mimi nikuulize. Kile cha njiwa ni kizuri kweli?"

"Sijui. Sikukimaliza."

"Na hiki kilikuwa kibaya kweli?"

"Sijui, mwanangu. Nacho sikukimaliza."

"Sasa mimi nisome nini?"

Mama Tulizo, acha kujipepea, jibu wewe. Asome nini? Walimu wa mbele, jibuni. Hata mimi sijui. Nimeombwa leo nizindue kabati na sijui kitabu kipi cha Mungu na kipi si chake. Nimesikia vya njiwa vikisomwa nikasinzia, nimesikia vya wapagani vikisomwa nikakosa raha siku nzima, na sijaelewa mpaka leo inakuwaje. Labda Mungu ana mazoea ya kuingia nyumba ambazo hakuandikwa mlangoni. Labda siyo. Mchungaji atawaeleza, amesomea.

Lakini sisi, jamani, tusijifiche nyuma ya vitabu. Dhambi ya yule mama ilikuwa wapi? Kusoma? Hapana. Kulia? Hapana. Kuchanganyikiwa? Sikilizeni, kuchanganyikiwa ndicho kitu pekee cha kweli alichokuwa nacho nyumba nzima! Angesimama Jumapili ile akasema, "Ndugu zangu, hiki kimenilaza, hiki kimenitesa, sielewi, nisaidieni," angekufa? Hata homa asingeugua. Ila sisi tunaona aibu kumwambia Mungu hatuelewi, mbele za watu wake, ndani ya nyumba yake. Tunataka kusimama na kitabu juu, kinafaa, hakifai, amina. Halafu jambo likitugeukia, tunaangalia nani yuko karibu tumtupie. Na aliye karibu huwa ni mtoto, maana mtoto hana wa kumtupia.

Ninyi wazazi mtakaopewa kazi ya kabati hili, mwakani mtakuja kusimama hapa. Mkiwa hamjasoma, semeni hatujasoma. Mkiwa mmesinzia, semeni. Hamtakuwa wa kwanza kusinzia humu, mimi nakaa nyuma nawaona.

Naona mwinjilisti wetu hapa, Tweve, ananitazama, anataka kuuliza ikawaje. Kila nikitoa mfano ananifuata nje, "Bibi, ikawaje?" Nitakujibu hapa hapa ili nile chakula changu kwa amani.

Jumapili iliyofuata yule mama alisimama baada ya matangazo, mikono mitupu. Akasema, "Kitabu kilikuwa cha kwangu, nilikisoma mimi, nilikificha mimi, mtoto nilimsingizia." Safari hii hakuna aliyesema amina. Jina la binti likarudishwa siku ile ile. Mama mwenyewe akatolewa uzee wa kanisa, akawekwa nje ya Meza ya Bwana, asile mkate mtakatifu mpaka atakaporudishwa kundini, akakalishwa benchi la nyuma kabisa na wanaonyonyesha. Alikubali, alidhani hiyo ndiyo adhabu yenyewe.

Lakini kwao kuna desturi. Siku ya kipaimara, mtoto anapokwenda kula mkate huo mara ya kwanza, mama yake mzazi ndiye anayempeleka mbele, wanapiga magoti bega kwa bega, wanakula pamoja. Mara moja tu katika maisha, haina marudio. Na aliye nje ya Meza hapeleki mtu. Binti akaitwa. Akasimama katikati ya kanisa na gauni lake jeupe, peke yake, akageuka akatazama nyuma. Mama akatazama sakafu. Basi mke wa mwinjilisti akainuka, yule yule, akamshika mtoto mkono, wakaenda wakapiga magoti. Mkate ukapita kwa binti, ukapita kwa mke wa mwinjilisti. Na mama, kutoka pale alipokuwa amekaa, alichoambulia kuona ni nyayo zao nne tu.