Msiba wa Ozias Uliochezewa Ngoma

Hapo zamani, katika milima ya Marekani, palikuwa na mpiga fidla jina lake Ozias. Mkewe akafariki. Watu walipozika na kuondoka, Ozias alibaki kaburini peke yake, akapiga wimbo alioutunga mwenyewe, wa polepole, usio na maneno. Alipomaliza akaivunja fidla gotini, akaapa hatapiga tena, akalihama bonde lile.

Kumbe binti wa jirani, Lavinia, alikuwa nyuma ya ua wa makaburi akisikiliza. Hakuomba ruhusa. Aliupiga wimbo ule kwa fidla yake ghalani miaka ishirini, bila kupoteza hata sauti moja.

Kisha Lavinia akaolewa na Hobart, mpiga fidla naye. Hobart akaudaka wimbo, akauchapusha, akauongezea kipande cha pili cha kuchezea. Loo! Milima yote ikaucheza. Huku wakauita Kwato za Punda, kule wakauita Binti wa Kinuni, kila bonde na namna yake.

Mwaka mmoja yakaja mashindano. Zawadi ilikuwa fidla mpya, apewe mwenye wimbo unaopendwa kuliko zote. Hobart akapiga, ukumbi ukatikisika kwa visigino.

"Wimbo huu ni wa nani?" akauliza mwamuzi.

"Wangu," akasema Hobart.

Nyuma kabisa mzee akasimama. Alikuwa Ozias. "Hicho ni kilio changu! Mnalikanyaga kaburi la mke wangu!"

Lavinia akawaza. Akisema, anamwaibisha mumewe. Akinyamaza, anamwibia mzee mara ya pili.

"Mzee anasema kweli," akasema. "Niliuchukua kwake."

Hobart akawaka. "Mke wangu, wanivua nguo mbele za watu? Bila mimi nani angeujua?"

"Na bila mimi ungeupata wapi? Yeye aliutupa, mimi nikauokota."

"Sikuutupa, niliuzika!" akafoka Ozias. "Nipeni fidla hiyo, ijulikane wimbo ni wangu, nami naapa hautapigwa tena na mtu yeyote."

Wengine wakapiga kelele, "Mpe mzee!" Wengine, "Atauua wimbo wetu!" Mwamuzi ameishika fidla. Lavinia akamtazama mumewe, akamtazama mzee, asijue amwombee nani.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, mwamuzi anangoja. Aliyeutunga akataka kuuzima, aliyeuiba akautunza, au aliyeugeuza ukapendwa: fidla apewe nani?