Kana ya Kidau cha Nguchiro

Paukwa!

Pakawa.

Pakawa gani hiyo ya kusinzia? Wali wangu mmeumaliza, sauti mmeziacha jikoni? Paukwa!

PAKAWA!

Haya. Palikuwa na Nguchiro, mdogo wa mwili, na kidau chake cha tanga alichoachiwa na mamake. Kidau hicho ndicho kilichomvusha mto kwenda shambani kwake kuchimba karanga. Hakuna kidau, hakuna karanga. Hakuna karanga, watoto wanne wanalala na njaa.

Akaja Nyani, mabega mapana kama mlango. Siku ya kwanza akasema, "Mwanangu, nivushe." Akavushwa. Siku ya pili hakuomba, alipanda tu. Siku ya tatu akakaa nyuma penye usukani, akawatangazia wanyama wote waliokuwa wakinywa maji: "Kidau hiki changu!"

Nani abishane na meno yale? Nguchiro akawa fundi na kuli ndani ya kidau chake mwenyewe. Na karanga zake, tafu tafu tafu, zikaishia tumboni mwa Nyani.

Tena Nyani hakujua hata kukaa. Ule mti wa kushikia usukani aliufanya wa kuegemea, mpaka ukalegea. Ukivutwa huku, kidau kinakwenda kule.

"We fundi! Mpini huu unacheza!"

"Shikamoo, mzee. Huo si mpini. Hiyo inaitwa kana. Kana, mzee, ndiyo inayogeuza usukani, sasa ukiiegemea..."

"Marahaba. Kaza, usinipigie kelele. Nakula."

Nguchiro akachonga kabari, kijiti cha kubana tundu ili kana isicheze. Akagonga, ko ko ko. Kana ikatulia. Nyani akaegemea, kwachu! Ikalegea.

"We fundi! Mpini!"

"Kana, mzee."

"Kaza. Nakula."

Akachonga kabari ya pili, ya mpingo, mpaka viganja vikatoka malengelenge. Ko ko ko. Ikatulia. Akageuka kupakia vikapu, alipogeuka tena, kabari haipo. Nyani anachokolea meno nayo!

"Mzee! Hiyo ni kabari!"

"Inafika mpaka kwenye gego," Nyani akaisifu, kisha akaitupa mtoni. "We fundi! Mpini unacheza!"

Jamani! Nguchiro alichoka. Alichoka mpaka masikio. Akakaa juu ya kikapu, akamtazama yule bwana, akautazama mto. Pale katikati Kiboko alikuwa amelala, pua tu juu ya maji. Nguchiro akautazama mto tena.

Kisha akachonga kabari ya tatu, ya bua la mtama. Akagonga mara moja tu, ko. "Tayari, mzee. Egemea utakavyo."

Wakang'oa nanga. Tanga likajaa, vuuu! Nyani akaegemea, kwachu! Kana ikachomoka nzima, ikabaki mkononi mwake. Kidau kikaenda kinakotaka, na kilikotaka ni, puu! kwenye pua ya Kiboko.

Kiboko akaibuka, maji yanamwagika. "NANI MWENYE CHOMBO HIKI?"

Ukingoni wanyama wakaacha kunywa. Nyani akakauka. Nguchiro akarukia juu ya kikapu akipiga kelele: "Mzee, kana! Kana, mzee! Kana!"

Kwa mara ya kwanza Nyani akasikia anachoambiwa. Akakana.

"Si changu! Sikijui! Tangu nizaliwe sijawahi kuwa na kidau! Ni cha huyu Nguchiro, mimi abiria tu!"

"Mmesikia?" Nguchiro akawauliza walio ukingoni.

"Tumesikia!"

"Ni chako?" Kiboko akamwuliza.

"Ni changu, mzee wangu, nimeachiwa na mama. Nakuomba radhi kwa pua yako. Lakini mwenye chombo ni mmoja na mshika kana ni mwingine. Hebu tazama kana iko mkononi mwa nani."

Kiboko akatazama. Nyani naye akautazama mkono wake, ndipo akajua ule mpini unaitwaje. Akaiachia kana, akajitosa, chubwi! Kiboko nyuma yake, chubwi chubwi! Mpaka leo Nyani akija mtoni hunywa upesi akaondoka.

Nguchiro akaiokota kana. Chini ya kikapu akatoa kabari nyingine ya mpingo, aliyoichonga mapema. Ko ko ko. Kana ikatulia. Jioni ile watoto wanne walikula karanga mpaka wakalalamika.

Hadithi yangu imefika ng'ambo, anayebaki huku aogelee. Na fundisho lake, wanangu, ni hili: msikilizeni fundi, fanyeni kazi imara, na daima semeni maneno yasiyo na maana mbili.

Nini? Nguchiro alimaanisha ule mti, au alimwambia Nyani akane? Mimi sijui. Na Nyani akija kuniuliza, nitakana.