Gunia Moja, Baridi Nzima

Sogeeni. Asiyewahi kutetemeka akae nyuma, hii haimhusu.

Huko juu Uporoto mwezi wa saba kuna baridi ya kufa mtu. Ukikamua ng'ombe alfajiri, nenda na gunia, ndoo ya nini? Maziwa yanatoka vipande vipande. Mnacheka! Haya, nendeni mkakamue.

Sasa, kulikuwa na mama mmoja mwenye watoto watatu watu wazima, kila mmoja na kipaji chake. Tusekile, mjane, aliivisha maharage bila moto. Ambwene alikuwa na shavu linalosikia upepo. Sisimizi akipiga chafya nje, yeye anakuonyesha ufa uliopitisha. Lwitiko, kitinda mimba, alikuwa bingwa wa matofali. Tofali akilipasha yeye, linasahau kupoa.

Mwaka uliotangulia, mkaa na umeme wa hita vilikula mbuzi wao wote, hadi beberu. Mama akasema, "Safari hii hita naiuza. Gunia moja la mkaa, basi. Atakayelifikisha mwezi wa tisa, nampa chumba changu."

Chumba chenyewe kilipakana na jiko, ukuta wake vuguvugu kama mgongo wa ng'ombe. Tusekile alikitaka kuliko chakula. Kabinti kake kalikuwa kanakohoa kila baridi, hadi kanazimia.

Basi Tusekile akawa anachemsha maharage kidogo tu, anaepua chungu kinatokota, anakizika kwenye tenga la nyasi kavu na koti lake mwenyewe. Mchana yameiva, na moto ulishazimwa asubuhi.

Ambwene akazunguka nyumba na shavu lake. Nyufa mia tisa! Akaziziba zote, juu akakandika udongo. Upepo ukaja, ukapiga hodi, ukaondoka na aibu zake.

Lwitiko akapanga matofali kando ya moto wa ugali wa jioni, akayavika soksi kuukuu, akagawa vitandani. Kubwa kuliko yote alimpa Tusekile. "Dada, hili lako na mtoto."

Maana Tusekile alikuwa ameibiwa. Blanketi lake jekundu, aliloachiwa na marehemu mumewe, lilitoweka kwenye kamba ya kuanikia. Ambwene alilia kumshinda mwenye mali. "Huyo mwizi, dada, nikimkamata namtafuna mbichi!" Akamsindikiza mpaka kijiji cha pili kumsaka.

Mwezi wa tisa ukafika, na gunia bado lina mkaa wa kujaza beseni! Mama akaamuru udongo wa ukutani ubanduliwe, kuta zikandikwe upya, kama walivyofanya kila baridi ikiisha. Tusekile akapiga jembe. Kikachungulia kitambaa chekundu. Akavuta, kikaja. Akavuta kwenye ufa mwingine, kikaja kingine.

Akakaa chini pale pale.

"Ambwene. Tulikwenda wote mpaka kijiji cha pili."

"Dada, kitandani lingewapasha wawili. Ukutani limetupasha watano. Mtoto amekohoa mwaka huu? Sema, amekohoa?"

"Si ungeniomba?"

"Ungekataa."

Tusekile akamgeukia mdogo wake. "Lwitiko, na wewe ulijua?"

Lwitiko akaangalia miguu yake. "Nilimkuta analikata. Nikanyamaza, nyufa zisije zikabaki wazi. Ndiyo maana tofali lako lilikuwa kubwa, dada."

Siku zote zile Tusekile alikuwa analikumbatia tofali lile akisema moyoni, angalau huyu ananipenda.

Mama akatoa ufunguo. Akahesabu: bila tenga, gunia lingeisha mwezi wa sita. Bila nyufa kuzibwa, mwezi wa sita. Bila matofali, mwezi wa sita. Akaukamata ufunguo hadi ukapata joto la kiganja, na mkono haukunyooka kwa yeyote.

Tusekile bado kakaa pale, vipande vyekundu mapajani, kabinti kanavichezea, hakakohoi.

Haya, nyie mnaojifanya kuchokonoa meno, ufunguo ni mmoja. Wa Tusekile, aliyeivisha bila moto? Wa Ambwene, aliyeziba nyumba kwa mali ya mwenziwe? Au wa Lwitiko, aliyepasha matofali na kufunga mdomo? Je, wewe ungemkabidhi nani, huku Tusekile anakutazama?