Kindi na Madungu Mawili

Hapo kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanalima, Bibi Nungunungu alilea wajukuu watatu katika shamba la mbali, mbali hasa, hata jirani wa kuomba moto hakuwapo. Wajukuu hao ni Nyati, Pofu na Kindi.

Mtama ulipoanza kukomaa, ndege wakaja wengi. Nyati akajenga dungu, jukwaa la miti, upande huu wa shamba. Pofu akajenga lake upande ule. Wakakaa juu wakiwafukuza ndege, "Swaa! Swaa!" Na desturi ya pale ilikuwa hivi: mahindi ya kwanza kuchomwa ni ya walinzi wa madungu, na Bibi huwapelekea mwenyewe.

Kindi yeye kazi yake kuchochea moto. Kila akiona mahindi yanapita mbele ya pua yake, roho inamuuma.

"Kwani mimi si mjukuu?" alinung'unika.

Siku moja akamwendea Nyati. "Kaka, naona dungu la Pofu limelizidi lako. Ila usijali, ni kidogo tu."

"Limezidi wapi?" Nyati akanyoosha shingo. Asubuhi ile ile akakata miti mirefu zaidi.

Kindi huyoo, mpaka kwa Pofu. "Kaka Pofu, mwenzako amekupita. Anasema Bibi atamwona yeye kwanza."

"Nyati huyu huyu?" Pofu akashika shoka.

Basi ikawa ndiyo kazi. Huyu akiongeza, yule naye anaongeza, hadi madungu yakawa marefu, membamba, yanayumba kwa upepo.

Nyati akakanyaga ngazi ya lake. Kwacha! Ikakatika, puu, yuko chini. Pofu akamcheka, akapanda lake. Kwacha! Puu!

Ndege wakaushukia mtama. Bibi akatoka jikoni mbio. "Nani atapanda sasa?"

"Mimi, Bibi," akajibu Kindi, naye keshafika juu.

Hindi la kwanza akalipata, tena la moto. Akaliuma huku akitazama uwanjani. Kule chini Bibi alikuwa akiwakanda kaka zake miguu kwa maji ya chumvi, akiwapuliza, akiwaita waume zake.

Kindi akaacha kutafuna. "Bibi, na mimi mguu unaniuma," alisema, lakini huko juu nani amsikie?

Mwenye wivu, wanangu, hata apewe alichokililia, hashibi.